Sufuria ya bibi ni ya mama, siyo ya mtoto

Swali:

"Shikamoo dada. Nina mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana wiki 7. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Mama mkwe amekuja kutoka Rombo kunilea, na kweli ananilea: mtori asubuhi, supu mchana, uji wa pilipili manga usiku. Lakini kila jioni kuanzia saa 12 mpaka saa 4 mtoto analia, ananyonya, anaachia, analia tena. Matiti yangu yaliyokuwa yanajaa mpaka yanauma sasa yamelegea kabisa. Juzi, baada ya kumnyonyesha, nilijikamua kwa pampu nikapata vijiko vitatu tu vya chakula. Mama anasema maziwa yangu mepesi kama maji, mtoto ana njaa na chango, tumpe maji ya uvuguvugu na uji mwepesi, mbona watoto wake sita walipewa na wamekua. Pia ameniambia nisilale na mume wangu, nitambemenda mtoto. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki ya 6 kwenye chanjo alikuwa na kilo 4.2. Baada ya wiki 4 likizo inaisha, narudi kazini. Mume wangu anasema tununue maziwa ya kopo tumalize ugomvi. Sitaki kumkosea mama, ila sitaki kumdhuru mwanangu. Nifanyeje?"

Jibu la muuguzi mkunga:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Mpe hongera zangu na mama mkwe pia, aliyeacha shamba lake akaja kukulea. Si kila mzazi anapata mtori wa asubuhi.

Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu lilirudi kwenye namba mbili ulizozitaja kwa kupita tu: kilo 3.1 siku ya kuzaliwa, kilo 4.2 wiki ya 6. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, wakati mwingine hadi sehemu moja ya kumi, kisha huurudisha anapofikisha wiki 2 hivi. Kwa hiyo ile kilo 1.1 aliyoongeza mwanao, karibu yote ameipata ndani ya wiki 4. Kwa umri huu sisi wa kliniki tunaridhika tukiona gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Wako amepita 250. Hajapewa uji, hajapewa maji, hajaonja kopo. Hiyo kilo nzima na ushee imetoka wapi, kama si kwenye hayo maziwa yanayoitwa mepesi?

Basi nakujibu mapema ili usiendelee kusoma na moyo juu: maziwa yako yanamtosha. Nepi nazo zitakuambia hivyohivyo. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku nzima, usiku na mchana, na mkojo ukawa mweupe usio na harufu kali, anakunywa vya kutosha. Sasa nikueleze kwa nini unaona mambo yanayokutisha, ili ukikaa na mama uongee kitu unachokielewa mwenyewe.

Nianze na matiti kulegea. Wiki za kwanza titi hujaa maziwa, na hujaa pia damu ya ziada na majimaji yanayolivimbisha. Mwili bado haujajua kama umezaa mmoja au mapacha, hivyo unatengeneza maziwa kwa kukisia, mara nyingi kupita kiasi. Kufika wiki ya 4, ya 6, wengine ya 8, mwili umeshajua mwanao anakunywa kiasi gani. Uvimbe unaondoka, titi linalainika. Inaniuma kila nikiona hili, kwa sababu ndipo akina mama wengi wanapokimbilia kopo, wakati huohuo ambao titi ndiyo kwanza limeizoea kazi yake.

Maziwa yanatengenezwa hivi. Mtoto akivuta titi, ubongo wako unatoa homoni mbili. Moja, prolaktini, inaamuru maziwa yatengenezwe, na usiku hupanda zaidi kuliko mchana. Ndiyo maana tunakazana kuwaambia msiache kunyonyesha usiku. Ya pili, oksitosini, inabana vifuko vidogo ndani ya titi ili maziwa yashuke. Umeshaona titi la kushoto linachuruzika mtoto akinyonya la kulia, au nguo inalowa ukisikia tu analia? Hiyo ni oksitosini. Na homoni hii inaogopa. Hofu, maumivu na fedheha huichelewesha. Mama anayeambiwa kila jioni kwamba hana maziwa anaweza kweli kukaa dakika kadhaa maziwa hayashuki, mtoto akakasirika, na wote chumbani wakasema si tuliona. Maziwa yamo, yanasubiri moyo wako utulie.

Kuna jambo la tatu ambalo ningependa kila baba na kila bibi alijue. Ndani ya maziwa yenyewe kuna kitu kinacholiambia titi lipunguze kasi. Titi likikaa limejaa muda mrefu, kitu hicho kinalundikana na utengenezaji unashuka. Likinyonywa au kukamuliwa, kasi inapanda. Kwa hiyo kila mara mtoto anaposhibishwa kwa kitu kingine akaruka kunyonya, titi linapokea ujumbe kwamba siku hizi hahitaji sana. Baada ya wiki mbili za kijiko hapa na chupa pale, maziwa yanapungua kweli, na aliyesema hayatoshi anaonekana alisema kweli. Nimeliona hilo zaidi ya ninavyoweza kuhesabu.

Vile vijiko vitatu vya pampu ni kama mililita 45, na ulikamua mtoto akiwa ameshanyonya. Mlo mmoja wa mtoto wa umri huo ni kama mililita 80 hadi 120. Umepata mabaki ya karibu nusu mlo na ukalia. Pampu haijui kulivuta titi kama mdomo wa mtoto, na mara ya kwanza haitoi kitu cha maana kwa wengi. Usiipe kazi ya kukuhukumu.

Kuhusu kilio cha jioni, angalia umri. Watoto wengi, wanaonyonya na wanaokunywa kopo, huongeza kulia kuanzia wiki ya 2 hivi, kilio kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kinapungua taratibu hadi miezi 3 au 4. Mwanao yuko juu kabisa ya mlima huo. Tena jioni maziwa hutiririka polepole zaidi ingawa mafuta yake ni mengi, hivyo mtoto ananyonya kidogo kidogo, mfululizo, kama anayejiwekea akiba ya usiku. Usipambane naye. Ikifika saa 12 uwe umeshakula na umeshakwenda msalani. Keti na maji yako pembeni, mvue abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike kanga nyepesi. Anyonye titi moja mpaka aliachie mwenyewe, mpe la pili, akitaka rudi la kwanza. Akigoma, bibi amchukue begani amtembeze uani. Ukifika mahali unahisi kichwa kinapasuka, mlaze kitandani chali, mahali salama, toka nje dakika tano upumue. Mtoto anayelia haumizwi na dakika tano, lakini kutikiswa kwa hasira kunaweza kumuua.

Hapohapo kagua anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Sikiliza: mwanzo anavuta harakaharaka, kisha anavuta taratibu na unasikia akimeza, "kha", "kha", anapumzika, anaendelea. Ukisikia mlio kama wa kubusu, au chuchu ikitoka imebanwa bapa kama ncha ya lipstiki mpya, hajaishika vizuri. Ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo wake umwachishe, uanze upya.

Sasa wepesi wa maziwa. Maziwa ya mama yana maji karibu sehemu 88 kwa 100, na ya mwanzo wa mlo yana rangi ya ubuluu kidogo. Hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Usiyalinganishe na ya ng'ombe, hayo yamepangwa kwa ajili ya ndama, anayetakiwa asimame siku hiyohiyo na kumfuata mama yake. Mtoto wa mtu anakua taratibu na maziwa yake yamepangwa kwa mwendo huo. Kwa kuwa yana maji mengi hivyo, mtoto anayenyonya hahitaji tone la maji mengine, hata katika joto la Dar es Salaam la Februari. Ukiona joto limezidi, mpe titi mara nyingi zaidi.

Maji yana madhara gani? Yanajaza tumbo dogo bila kumpa chochote. Yanaweza kumletea vijidudu hata kama yamechemshwa, kwa sababu kikombe, kijiko na mkono navyo vina habari zake. Na yakiwa mengi, figo changa haziwezi kuyatoa upesi, chumvi ya damu inashuka, mtoto analegea na anaweza kupata degedege. Uji nao unakuta utumbo usio tayari kuusaga. Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya yetu wanasema jambo lilelile: miezi 6 maziwa ya mama peke yake, kisha chakula kingine kianze huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Niliwahi kumpokea mama mwenye binti wa miezi 3 aliyeganda kwenye uzito uleule kwa wiki tano. Ananyonya vizuri, hana homa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu, ndani yake chupa ndogo ya chai. Nikamuuliza ina nini. Maji, akasema, ya kumkata kiu kila akimaliza kunyonya na kila akitoka kuoga. Alikuwa anayachemsha kila asubuhi kwa upendo wote. Tulikubaliana chupa ile iwe ya mama mzazi, ijazwe uji, na bibi ahakikishe inaisha. Baada ya wiki mbili mstari kwenye kadi ulianza kupanda, na bibi ndiye aliyeuwekea kidole kuwaonyesha wenzake.

Mama mkwe wako ana hoja kwamba watoto wake sita walikua. Ni kweli, na usimbishie. Lakini katika kila ukoo wapo pia waliozikwa wachanga kwa kuhara, na hakuna aliyekiunganisha kile kijiko na lile kaburi. Yeye alifanya kilichojulikana wakati wake. Na neno chango lisikutishe. Mara nyingi ni jina la kilio hiki nilichokueleza. Dawa za chango za kuchemsha mizizi usimpe kabisa. Hakuna ajuaye kipimo chake, na ini la mtoto wa wiki 7 haliwezi kubahatishiwa.

Kubemenda nako nikuambie waziwazi. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mbegu za mwanaume haziendi kwenye titi, maziwa hayachachi mwilini, na mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wamelala pamoja. Ila wazee waliona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyo yake: mama akishika mimba nyingine upesi, aliye mgongoni huachishwa mapema na kudhoofu. Kinga yake ni kupanga uzazi. Kama kidonda kimepona, damu ya uzazi imekatika na wewe mwenyewe uko tayari, hakuna ubaya. Kunyonyesha peke yake, usiku na mchana, hedhi ikiwa haijarudi na mtoto hajafika miezi 6, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Sharti mojawapo likivunjika, kinga imeondoka. Kwa vile unarudi kazini, ningekushauri usiitegemee hiyo tu. Ulizia kliniki kuhusu kijiti au kitanzi. Vidonge vya kawaida vyenye homoni ya estrojeni viepuke miezi hii 6, vinaweza kupunguza maziwa.

Tuje kwenye kopo. Mimi si adui wa kopo. Yupo mama aliyefariki, yupo anayetumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, yupo ambaye amejitahidi na uzito haupandi. Hao maziwa ya kopo huwaokolea watoto wao, na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Kwako silioni tatizo ambalo kopo litalitibu. Kilio cha jioni hakitaisha. Kopo la gramu 400, kwa mtoto wa umri huu asiyenyonya, linakwisha kwa siku 4 au 5, na wengi likipanda bei huanza kulizimua, hapo ndipo utapiamlo unapoingia. Mwambie baba watoto kwamba fedha hiyo inunue mayai, dagaa na parachichi za mama yake mtoto. Kwa wanaosoma hapa wanaoishi na virusi vya UKIMWI: meza dawa zako bila kuruka na mnyonyeshe peke yake bila kuchanganya, kumchanganyia vyakula katika miezi hii kunaweza kuongeza hatari ya maambukizi.

Kazini utarudi mtoto akiwa na wiki 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyokupa hizo siku 84, inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Wengi hawalijui hili. Andika barua sasa, kabla hujarudi, pendekeza saa hizo zitumikeje. Wengine hukubaliana kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, na kwa foleni za Tabata hiyo ni nafuu kubwa.

Kukamua anza wiki hii, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya kunyonyesha ambapo maziwa huwa mengi. Mkono unatosha. Nawa kwa sabuni, weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, mbali kidogo na chuchu, kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, achia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi, utajichubua. Dakika ya kwanza matone tu, kisha inaruka. Zungusha mkono pande zote. Kwa joto letu maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa 4. Kwenye friji, ndani kabisa siyo mlangoni, hukaa hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, usiyachemshe. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Na anayefaa kumfundisha kikombe ni bibi, kwa sababu akinusa wewe uko karibu atataka titi.

Chakula chako kiko vizuri. Mtori na supu havigeuki maziwa moja kwa moja, wala pilipili manga haina siri, ila kitu cha moto kinakutuliza na oksitosini inatoka. Ongeza mayai, maharage, dagaa, matembele, machungwa, tumia chumvi yenye madini joto, na malizia vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa. Chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Mbege, ambayo najua kwenu huaminika huongeza maziwa, hufanya kinyume: pombe inachelewesha maziwa kushuka na inapita hadi kwa mtoto. Na kama bado unakandwa, maji yasiwe ya kuunguza, na kidonda cha upasuaji kisikandwe.

Kuna hali ambazo usisubiri ushauri wa maandishi, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku: amegoma kunyonya kabisa au amelegea haamki, ana joto la 38 au amekuwa wa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kinabonyea, degedege, utosi umebonyea, anatapika kijani, choo kina damu au ni cheupe kama chokaa, viganja na nyayo ni vya njano. Wewe mwenyewe nenda kama titi lina sehemu nyekundu ngumu pamoja na homa, kama damu imerudi kwa wingi, au kama huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, huoni raha ya mtoto au unawaza kujidhuru. Hayo yanatibika, na si udhaifu. Uzito usipopanda kwenye kliniki ijayo, nitabadilisha jibu langu, na wewe usinisikilize tena bila kupimwa.

Na mama mkwe? Usimpelekee karatasi wala maneno ya simu. Mume wako ndiye aanze, ni mama yake. Kisha wewe, asubuhi akiwa jikoni, si jioni mtoto akilia: "Mama, kliniki wamenikataza kumpa chochote mpaka miezi 6, na wamesema nikila vizuri yeye anashiba kupitia kwangu. Naomba unisaidie nisishindwe." Umpe kazi zake: sufuria yako, bega la jioni, kikombe cha mchana utakapokuwa kazini. Wiki ya 10 kuna chanjo tena. Nenda naye, na mwombe muuguzi amwachie yeye amweke mjukuu kwenye mzani.